Namna ya kupanda treni Japani bila kuwa kero: mwongozo kamili

Kila Aprili na Oktoba, wanafunzi wapya wanapotua Japani, ujumbe unaonifikia ni uleule. "Mbona nikikaa mtu wa pembeni anahama?" "Mbona wananitazama halafu wanainamisha macho?" "Nimeongea na mama kwenye simu kidogo tu, behewa zima limenuna." Wengine ni wafanyabiashara wa magari waliokuja Yokohama au Nagoya, wengine wamekuja kwa kozi fupi. Nimekuwa nikimjibu mmoja mmoja, na maswali hayaishi. Sasa nayaweka majibu yote hapa.

Kuna jambo la kushika kabla ya mengine. Kwenye treni ya Japani ni nadra mtu kukuambia umekosea. Hakuna konda wa kukufokea, na mzee aliyekaa mbele yako hatakuonya. Aliyeudhika atafumba macho, atahama behewa, au atavumilia hadi kituo chake. Kwa hiyo watu wakinyamaza usidhani wamekuruhusu. Maelekezo yapo tele, ila yameandikwa sakafuni na kubandikwa kwenye vioo, na mengine hutangazwa kwenye spika. Hatua zifuatazo ni za kukusaidia kuyasoma.

Mifano mingi hapa ni ya Tokyo. Osaka na kwingineko kuna tofauti ndogondogo, nitazitaja zikifika.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kutoka

Kadi ya nauli yenye salio. Suica, PASMO au ICOCA, yoyote inatosha. Tangu 2013 kadi hizi kubwa zinakubaliana, hivyo ICOCA uliyonunua Osaka itafungua geti la Tokyo. Weka salio la kutosha kwenda na kurudi. Kadi tupu ndiyo inayowafanya wageni wengi wazibe njia.

Simu iliyowekwa kimya. Iweke hivyo kabla ya kufika getini. Zima na mlio wa kengele ya asubuhi kama uliuahirisha.

Hedifoni zisizovujisha sauti. Zijaribu nyumbani: zivae, weka wimbo kwa sauti unayopenda, kisha zivue uziweke mezani. Ukiusikia wimbo ukiwa umeketi pale pale, na jirani yako atausikia.

Begi unaloweza kulivaa kifuani. Sababu utaiona hatua ya nne.

Mfuko wa plastiki wa taka. Mapipa ya taka ni machache mno vituoni. Mengi yaliondolewa baada ya shambulio la gesi ya sarini kwenye treni za chini ya ardhi za Tokyo, Machi 20, 1995. Taka yako utarudi nayo nyumbani.

Taulo ndogo ya mkononi. Julai na Agosti joto la Tokyo lina unyevu kama wa Dar es Salaam mwezi Februari, na utaingia kwenye behewa lililojaa ukiwa umeloa jasho.

Maneno manne. *Sumimasen* (samahani), *orimasu* (nashuka), *dōzo* (karibu, chukua), na *daijōbu desu* (niko sawa, hapana haja). Kwa safari ya kawaida yanatosha kabisa.

## Hatua ya 1: Chagua saa na behewa

Msongamano wa asubuhi Tokyo huanza kama saa moja na nusu na kulegea baada ya saa tatu. Wa jioni huanza saa kumi na moja hivi na kuendelea hadi usiku unapoingia. Kama huna shuruti ya kazi au darasa, kaa mbali na saa hizo.

Serikali ya Japani hupima msongamano kwa asilimia, na vipimo vyenyewe vinaeleweka kirahisi. Asilimia 100 ni pale kila abiria ana kiti, kishikio au nguzo ya kushika. Kwa 150 bado unaweza kufungua gazeti ukasoma. Kwa 200 miili inagusana na kubanana. Kwa 250 hata mkono huwezi kuusogeza. Kabla ya janga la korona, sehemu ya laini ya Tozai jijini Tokyo ilikuwa inakaribia 200 saa za asubuhi. Sasa jione wewe pale katikati na masanduku mawili ya kilo 23 uliyotoka nayo Nairobi.

Angalizo la mizigo. Ukitua na masanduku makubwa, usiyaingize kwenye treni ya asubuhi. Pale uwanja wa ndege kuna kaunta za huduma inayoitwa *takuhaibin*: unaacha sanduku, unajaza anwani, na kwa kawaida kesho yake linafika mlangoni. Utalipa, lakini si pesa ya kutisha, na utasafiri mikono mitupu. Wenyeji wenyewe ndivyo wanavyofanya.

Angalizo la behewa la wanawake. Laini nyingi za mjini zina behewa la wanawake peke yao, hasa asubuhi za siku za kazi. Yalienea kuanzia miaka ya 2000 na 2001 kwa sababu ya wanaume wanaowapapasa wanawake kwenye msongamano. Alama yake aghalabu ni ya waridi, ipo sakafuni jukwaani na kwenye kioo cha behewa, ikiwa na saa zilizoandikwa. Kaka yangu, tazama chini kabla hujajipanga. Ukijikuta umo ndani kwa bahati mbaya, usianze kujieleza. Tembea taratibu hadi behewa la jirani. Watoto wadogo wa kiume na wanaume wenye ulemavu wanaruhusiwa.

## Hatua ya 2: Pita getini bila kusimama

Toa kadi ukiwa bado unatembea. Igusishe juu ya kisomaji, subiri mlio, pita. Nyuma yako kuna watu wanaotembea kwa mwendo mmoja, na ukisimama kupekua mkoba utawagonganisha kama magari ya Ubungo.

Geti likifunga na taa nyekundu ikawaka, usijaribu tena na tena. Rudi nyuma huku ukisema *sumimasen*, jitoe pembeni. Kama salio ni dogo na ulikuwa unatoka, karibu na geti utakuta mashine ya kulipia tofauti ya nauli, nyingi zina kitufe cha Kiingereza. Ikikushinda, nenda kwenye dirisha la mfanyakazi lililo pembeni ya mageti.

Halafu kuna ngazi za umeme. Tokyo watu husimama kushoto na kuacha kulia kwa wanaopita; Osaka ni kinyume, husimama kulia. Siku hizi, hata hivyo, makampuni ya reli yanaomba watu wasitembee kabisa juu ya ngazi hizo. Mkoa wa Saitama uliweka kanuni ya kusimama Oktoba 2021, na jiji la Nagoya likafuata Oktoba 2023. Wengi bado hawafuati. Rai yangu: simama upande ambao wengine wamesimama, shika mkono wa ngazi, acha wenye haraka na haraka zao.

## Hatua ya 3: Jipange jukwaani

Hapa ndipo sakafu inapoanza kusema. Utaona mistari, pembetatu, miduara, wakati mwingine namba. Zinaonyesha mlango wa treni utakaposimama, na ni kweli utasimama hapo. Umbo au rangi hutenganisha treni za aina mbalimbali, maana ile ya mabehewa manane na ile ya kumi hazifungui milango mahali pamoja. Tazama ubao wa juu, soma alama ya treni yako, kisha tafuta alama hiyo hiyo chini.

Watu hujipanga mistari miwili au mitatu. Nenda mwisho wa mstari. Kama hamna mtu, simama pembeni ya alama ya mlango, usisimame katikati yake.

Zile vigae za manjano zenye vinundu ni za wasioona. Zilibuniwa na Mjapani, Seiichi Miyake, na kuwekwa mara ya kwanza barabarani mjini Okayama mwaka 1967. Usisimame juu yake na usiweke sanduku hapo. Mtu mwenye fimbo nyeupe anaifuata njia hiyo kwa imani kwamba haina kitu. Na treni inapokaribia, tangazo litakuomba urudi ndani ya mstari huo wa manjano.

Angalizo: usikimbilie mlango. Vituo vingi vya Tokyo hupiga kipande cha muziki treni inapotaka kuondoka. Mgeni akiusikia huanza mbio. Ukiusikia ukiwa kwenye ngazi, treni hiyo imeshakupita, hesabu hivyo. Treni za Yamanote, laini inayozunguka katikati ya Tokyo, huja kila baada ya dakika chache mchana kutwa, hakuna unachokipoteza. Kuzuia mlango kwa mkono au begi hurudisha treni nzima nyuma, na hawa ni watu ambao mwaka 2017 kampuni ya Tsukuba Express iliomba radhi hadharani kwa sababu treni yake iliondoka sekunde 20 kabla ya wakati.

## Hatua ya 4: Ingia

Milango ikifunguka, mistari hugawanyika kushoto na kulia ili wanaoshuka wapite katikati. Usiweke mguu ndani hadi wa mwisho ametoka. Ukimwona mtu bado anajisukuma kutoka kwenye kona ya mbali, msubiri.

Sasa lile begi. Kabla ya kuingia, livue mgongoni ulivae kifuani, au lishike chini miguuni. Begi la mgongoni huna macho nalo: ukigeuka kusoma jina la kituo, linampiga mtu usoni, hasa aliyekaa. Kwenye orodha za kero zinazotolewa kila mwaka na chama cha reli binafsi za Japani, namna watu wanavyobeba mizigo hukosa nadra sana nafasi ya juu, pamoja na mazungumzo ya kelele na ukaaji mbaya. Mabango ya begi kifuani yapo karibu kila laini.

Ukishaingia, songa ndani. Kuganda mlangoni ni kosa la wageni na wenyeji pia. Shika kishikio. Wanaume wengi wa Japani, behewa likijaa, hushika vishikio kwa mikono miwili ili mikono yao ionekane na wasije wakadhaniwa vibaya. Ni desturi ya busara, iige.

Mvua ikinyesha, funga mwavuli kwa ule mkanda wake mdogo na uushike wima karibu na mguu wako. Juni na Julai ni msimu wa mvua. Mwavuli uliofunguka unalowanisha suruali ya mtu anayekwenda kazini.

Umefaulu hatua hii kama watu waliokuzunguka wameendelea kutazama simu zao bila kujikunyata.

## Hatua ya 5: Sauti

Hii ndiyo hatua inayowaangusha wengi wetu, kwa hiyo nitakaa hapa.

Kuongea na simu ndani ya treni hakufanyiki. Si swali la kuongea taratibu. Haifanyiki, basi. Kutuma ujumbe, kusoma, kucheza gemu bila sauti, yote ruksa. Kuongea, hapana. Hakuna sheria ya bunge inayokukataza wala faini. Ni ombi linalorudiwa kwenye spika siku nzima, na watu wamelikubali.

Tatizo letu lina saa yake. Tokyo iko saa sita mbele ya Dar es Salaam na Nairobi. Saa kumi na mbili jioni, unapobanwa kwenye treni ya kurudi nyumbani, huko ni saa sita mchana, watu wameenda kula na mama amekumbuka kukupigia. Usipopokea atapiga tena. Usipopokea mara ya tatu atampigia shangazi aulize kama umeugua.

Fanya hivi:

1. Waambie nyumbani mapema ni saa ngapi huwa uko njiani. Sema wazi: "Mama, kuanzia saa sita hadi saa saba za huko niko kwenye treni, huku hairuhusiwi kupokea."
2. Simu ikiita, kata na utume ujumbe mfupi ulioandaliwa: "Niko kwenye treni, nakupigia nikishuka."
3. Ikiwa ni dharura kweli, shuka kituo kinachofuata, ongea jukwaani, panda inayofuata.
4. Ukipokea kwa bahati mbaya, funika mdomo kwa kiganja, sema sentensi moja, kata. Wenyeji hufanya hivyohivyo, na watu huona kwamba umejali.

Ujumbe wa sauti wa WhatsApp nao ni simu. Usiurekodi na usiusikilize kwa spika. Video za kuchekesha, hali kadhalika.

Mazungumzo ya ana kwa ana yanaruhusiwa. Kipimo changu: mwenzako akisikia, na mtu aliye upande wake wa pili asisikie, umepatia. Kiswahili kina vicheko na "ehee!" na "acha wewe!", na watu watatu wakikutana Ijumaa baada ya wiki ya upweke, sauti hupanda yenyewe. Mkiwa kundi, gawanyikeni wawiliwawili, kila jozi mlango wake. Stori kubwa ziwekeni hadi mshuke. Osaka behewa huwa na maneno zaidi kidogo kuliko Tokyo, na treni ya usiku wa Ijumaa yenye walevi utaisikia kelele yake, lakini usiichukue hiyo kuwa kiwango.

Salamu? Huku humsalimii abiria usiyemjua. Najua inakwaza. Kukaa ubavuni mwa mzee bila hata "shikamoo" kunamfanya mtu ajione hana malezi. Mwinamie kichwa kidogo unapokaa, inatosha, na atakuelewa.

## Hatua ya 6: Kukaa na kupisha

Kiti kirefu kati ya milango miwili kwenye treni nyingi za Tokyo ni cha watu saba. Tazama kitambaa: mara nyingi kina mibonyeo au rangi inayoonyesha nafasi ya kila mmoja. Kaa ndani ya nafasi yako, magoti pamoja, miguu karibu na kiti, begi mapajani. Kutanua magoti na kunyoosha miguu njiani ni kero kubwa kwao kuliko unavyodhani.

Kwenye pembe za behewa kuna viti vya kipaumbele, vya wazee, wajawazito, wenye ulemavu, waliojeruhiwa na wenye watoto wachanga. Si marufuku kukaa vikiwa vitupu. Ila ukikaa, kaa macho wazi. Mtu asiye na hakika aache tu, asimame.

Jifunze beji mbili. Ya waridi yenye picha ya mama na mtoto, ikining'inia kwenye mkoba, ni ya mjamzito; ilianza 2006. Nyekundu yenye msalaba mweupe na moyo chini yake ilianzishwa na serikali ya jiji la Tokyo mwaka 2012, na hubebwa na mtu mwenye tatizo lisiloonekana kwa macho: moyo, kiungo cha bandia, ujauzito wa mwanzo, kifafa. Ukiiona mojawapo, simama, sema *dōzo*.

Mzee akijibu *daijōbu desu* na kubaki amesimama, usimlazimishe kama tunavyofanya kwetu. Wapo wanaoona kupishwa ni kuambiwa wamezeeka. Njia rahisi ni kuinuka bila neno kana kwamba unashuka, ukasogea mlango mwingine. Nafasi itajazwa na anayeihitaji.

Karibu na viti hivyo soma kibandiko kuhusu simu. Maeneo mengi yanaomba uzime simu kabisa behewa likijaa, kwa ajili ya wenye vifaa vya kusaidia moyo.

Kuhusu kiti kitupu kando yako: ndiyo, hutokea. Behewa limejaa, na nafasi iliyo ubavuni mwa Mwafrika imebaki wazi vituo vitatu. Sitakuficha kwamba wakati mwingine ni ubaguzi, na hakuna adabu itakayouondoa. Wakati mwingine ni woga wa mtu kwamba utamuuliza kitu kwa Kiingereza akashindwa kujibu. Hakikisha begi lako haliko pale na goti lako halijavuka mpaka. Ukishafanya hivyo, sehemu yako imekwisha. Fungua kitabu chako.

Kusinzia kunaruhusiwa, nusu ya behewa hulala. Jirani akikulalia begani, mvumilie au jisogeze taratibu.

## Hatua ya 7: Chakula, harufu, vipodozi

Kwenye treni za mjini usile. Maji au chai ya chupa yenye kifuniko sawa. Chipsi, sambusa, kuku, hapana: harufu inabaki behewani baada ya wewe kushuka.

Marashi na udi viko kwenye fungu hilohilo. Nguo iliyofukizwa udi vizuri, jinsi inavyopendwa Zanzibar, Lamu na Muscat, kwenye behewa la asilimia 150 inamfikia kila mtu, na wengi huku hawajazoea manukato mazito. Fukiza siku ya karamu, punguza siku ya treni.

Vipodozi ni jambo wanalobishania wao wenyewe. Mwaka 2016 kampuni ya reli ya Tokyu ilitoa tangazo la kuwakosoa wanawake wanaojipaka vipodozi ndani ya treni, na wanawake wengi wakajibu: kinamsumbua nani? Kupaka mafuta ya midomo hakuna atakayejali. Poda inayoruka na kucha zenye rangi mbichi, subiri ufike.

## Hatua ya 8: Kushuka

Kituo kimoja kabla ya chako, anza kujiandaa. Behewa likijaa usisukume kwa bega. Sema *sumimasen, orimasu* kwa sauti ya kawaida. Hii ndiyo sauti pekee ya juu inayokubalika, na njia itafunguka.

Kama umesimama mlangoni na kituo si chako, shuka. Ndiyo, toka nje kabisa, simama ubavuni mwa mlango, waache wapite, kisha rudi wa kwanza kabla ya waliopanga mstari. Hakuna atakayekuibia nafasi. Wageni wengi hujibana ndani kwa hofu ya kuachwa, na hapo ndipo wanapokuwa kizibo.

Ukishatua jukwaani, usisimame papo hapo kutazama ramani. Tembea hadi kwenye ukuta au nguzo, ndipo ufungue simu. Kituo cha Shinjuku, jijini Tokyo, hupitisha mamilioni ya watu kwa siku. Ukisimama ghafla katikati, mtu aliye nyuma atakugonga halafu yeye ndiye atakayeomba radhi.

## Shinkansen ina taratibu zake

Kwenye treni ya kasi unaweza kula, na bia pia inaruhusiwa. Vituo huuza chakula cha boksi kiitwacho *ekiben*, na kukila ni sehemu ya safari. Simu unaongelea kwenye korido ndogo kati ya mabehewa, siyo kitini. Kabla ya kulaza kiti, geuka umwombe aliye nyuma yako. *Sumimasen* na ishara ya mkono vinatosha. Ukishuka rudisha kiti wima na beba taka hadi pipa la mlangoni.

Sanduku ambalo urefu, upana na kimo vikijumlishwa vinazidi sentimita 160 linahitaji kiti maalumu chenye nafasi ya mzigo kwenye laini za Tokaido, Sanyo na Kyushu. Kiti hicho hakina nyongeza ya bei ukikiweka mapema. Usipokiweka, utatozwa yeni 1,000. Pima sanduku nyumbani kwa futi ya fundi.

## Mambo yakiharibika

Simu imeanguka relini. Usishuke, hata kama treni haionekani. Mwite mfanyakazi, wana koleo ndefu za kuokotea. Akianguka mtu, bonyeza kitufe chekundu cha dharura kilicho kwenye nguzo za jukwaa. Hapo usione haya.

Umesahau mkoba. Nenda dirishani pa kituo, taja laini, saa uliyoshuka, na behewa la ngapi. Ndiyo maana inafaa kukumbuka namba ya behewa. Vitu vingi hupatikana.

Treni imechelewa. Chukua cheti cha kuchelewa getini au kwenye tovuti ya kampuni. Mwalimu au mwajiri atakipokea.

Dada, umepapaswa. Adabu ya kunyamaza imekwisha hapo. Sema *chikan!* (mpapasaji!) kwa nguvu, au tumia programu ya Digi Police ya polisi wa Tokyo inayoonyesha maandishi ya kuomba msaada kwenye kioo cha simu yako. Shuka kituo kinachofuata na umwendee mfanyakazi.

Treni ya mwisho imekuacha. Nyingi hukoma kati ya saa sita na saa saba usiku, na za kwanza hutoka kama saa kumi na moja alfajiri. Teksi za usiku ni ghali. Hoteli za kapsuli, zenye vijumba vidogo vya kulala tu, zipo karibu na vituo vikubwa.

## Ukiwa kiongozi wa kundi

Watoto, wanakwaya, wanafunzi wa kozi: usiwape hotuba ndefu hotelini. Wapeleke kituoni saa tano asubuhi, treni zikiwa tupu, wasimame mbele ya bango la adabu. Mabango hayo yametengenezwa kwa ajili ya kazi hii. Treni za chini ya ardhi za Tokyo zimekuwa zikiyabandika tangu 1974, na yale ya mchoraji Bunpei Yorifuji yaliyoanza 2008 yanaeleweka bila kusoma neno: mtu wa njano na nyeusi anayefanya kituko, na watu wanaomtazama. Mwaka wa kwanza yalisema "fanyia nyumbani". Kufikia 2010 yaligeuka, yakawa yanaonyesha mtu anayepisha kiti au anayesaidia, na kusema "fanya tena".

Waulize wao wenyewe: huyu amefanya nini? Kisha pandeni vituo viwili vya Yamanote, wawili kila mlango, mkutane jukwaani. Aliyevaa begi kifuani bila kukumbushwa, msifu mbele ya wenzake. Aliyesahau, mguse bega tu na umwonyeshe begi lake. Rudieni vituo vingine viwili.